Upupu tupimieni, vidonge tuwekeeni: barua ya wazi kwa viongozi wa afya Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na Rukwa;
Kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala;
Nakala: Wizara ya Afya.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Uyole. Mimi ni mwalimu mstaafu, na wengi wenu umri wenu ni wa watoto niliowashikisha kalamu, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea hapahapa, tuingie kwenye shauri. Naishi na ugonjwa wa Parkinson. Hakuna chama kilichonituma. Nawasemea watu ninaokaa nao kwenye benchi la kliniki, na wale ambao hata benchi hilo hawajalifikia.

Shauri lenyewe ni hili. Sisi wagonjwa tunatumia tiba za asili na tiba za nyongeza, tena karibu sote: mizizi, mbegu, kuchuliwa, mazoezi, maombi, unga wa chupa tunaouziwa stendi. Tunazitumia kimyakimya kwa sababu daktari haulizi, na tukisema wenyewe tunakaripiwa. Tunaomba mziingize tiba hizo ndani ya chumba cha daktari: ziulizwe, zipimwe, zinazofaa tufundishwe, zinazodhuru tukatazwe kwa sababu tunazozielewa. Ila msije mkazipokea kama kisingizio cha kutotuletea levodopa, dawa kuu ya hospitali ya ugonjwa huu. Mtu asifike mahali pa kutafuna mbegu ya porini kwa kuwa dirisha la dawa limemwambia "hakuna, njoo mwezi ujao".

Najua nyinyi hamhitaji kufundishwa ugonjwa huu, lakini barua ya wazi husomwa na wengi, basi nivumilieni. Aliyeueleza vizuri kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitabibu ya Ulaya ni daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, nayo ndiyo inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Seli hizo hufa polepole. Zikipungua sana, mkono hutetemeka ukiwa umepumzika, misuli hukaza, hatua hufupika, sauti huzama, uso hukosa tabasamu hata kama moyoni mtu amefurahi. Pua kutosikia harufu na choo kuwa kigumu huweza kutangulia kwa miaka. Kwangu kilichotangulia ni mwandiko: nilianza mstari ubaoni kwa herufi za kusomeka hadi dawati la nyuma, nikifika mwisho zimekuwa kama mbegu za mchicha. Hakuna dawa inayouponya ugonjwa huu hadi leo, ya hospitali wala ya porini. Zipo zinazopunguza makali yake, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao. Hapa nchini, wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Katika eneo lenye wakazi zaidi ya 161,000 walipatikana wagonjwa 33, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kilimanjaro basi wamehesabiwa. Huku kwetu, kuanzia Mafinga hadi Tunduma, ukitetemeka unaambiwa ni uzee, au kiharusi cha upande mmoja, au kuna jirani amekutengeneza. Jibu la tatu ndilo linalogharimu kuliko yote, maana halina mwisho wa kulipa.

Sasa niseme upupu, ambao ndio umenisukuma kuandika.

Kila mwalimu wa nchi hii anaujua. Ndio ule wanafunzi watukutu wanaoupaka kwenye kiti chako, ukikaa unahama shule. Kinachowasha ni manyoya ya ganda lake. Mbegu iliyomo ndani haiwashi. Na mbegu hiyo ina levodopa, kitu kilekile kilichomo kwenye kidonge cha hospitali. Hii si porojo ya stendi. Matabibu wa jadi wa India wametumia mbegu hizo kwa karne nyingi, na wanakemia wa Kihindi waliitenga levodopa kutoka humo mwaka 1937. Kwa kawaida mbegu huwa na levodopa takriban asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Mwaka 2004 madaktari wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa wanane waliopewa unga uliotengenezwa kwa mbegu hizo: gramu 30 zilianza kazi mapema na kudumu zaidi kuliko kidonge cha kawaida. Mwaka 2017 madaktari wa Italia na Bolivia walichapisha jaribio la wagonjwa 18 waliopewa dozi mojamoja, na unga wa mbegu zilizookwa haukushindwa na kidonge.

Kwa hiyo mzee wa Rungwe anayesema unga wa upupu ulimfungua miguu, msimwite mwongo. Mkimwita mwongo mmempoteza, maana yeye anajua alichokiona mwilini mwake, na hatarudi kuwaeleza lolote lingine.

Lakini wauzaji hawasimulii nusu ya pili. Timu hiyohiyo ya Italia na Bolivia ilichapisha jaribio jingine mwaka 2018, safari hii la wiki 16, wagonjwa 14 wakipokezana unga wa kila siku na kidonge. Nusu yao waliacha unga: wengine tumbo liliwashinda, wengine mwendo ulizidi kuzorota. Sababu mojawapo inaeleweka. Kidonge cha hospitali kinachanganya levodopa na kabidopa, na kazi ya kabidopa ni kuzuia levodopa isigeuke dopamini mwilini kabla haijafika ubongoni. Upupu hauna mchanganyiko huo. Inabidi mtu anywe levodopa nyingi zaidi ili kidogo kifike, na ile inayobaki njiani humletea kichefuchefu, kutapika, na shinikizo la damu kushuka anaposimama ghafla. Mzee wa miaka sabini akianguka na kuvunjika nyonga, ugonjwa wa Parkinson unakuwa tatizo lake la pili.

Isitoshe, mbegu hazilingani. Kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya aina na aina, na namna ya kukaanga, kuchemsha au kusaga nayo hubadilisha. Anayemeza vidonge na kuongeza unga bila kumwambia daktari anajizidishia dozi asiyoijua. Nina mwenzangu wa kliniki aliyekuwa akiona watu wamekaa sebuleni kwake usiku, akiwasalimia kwa heshima zote, na wanawe wakaanza kutafuta mtu wa kufukuza mashetani. Kumbe alikuwa anakunywa vyote viwili. Na aliyeaminishwa kwamba unga unatosha, akaacha vidonge ghafla, naye yuko hatarini: kukatiza levodopa ghafla kunaweza kumkakamaza mtu mwili mzima, homa ikapanda, akafa.

Halafu tazameni tulivyobarikiwa kijiografia. Mukuna ile isiyowasha, ndugu wa upupu, wakulima wanaijua kama zao la kufunika na kurutubisha udongo kwenye mahindi. Kituo cha TARI cha utafiti wa kilimo kiko hapahapa Uyole, naweza kukifikia kwa bajaji. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya afya Mbeya. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili ambayo kazi yake ni hii. Sioni kwa nini hawa wanne wasikae meza moja wakatuambia mbegu zinazouzwa Mwanjelwa na Tukuyu zina levodopa kiasi gani, zimechanganywa na nini, na nani kamwe asiziguse. Majibu yakiwa mabaya, tutayapokea. Kinachotuumiza ni kukosa jibu lolote.

Na wasiotaka kusikia habari za mitishamba, pamoja na wale wanaoamini kuwa cha asili hakidhuru, niwakumbushe sungura wa Arvid Carlsson. Mwaka 1957 mwanasayansi huyo wa Sweden aliwapa sungura reserpini, dawa inayotokana na mimea ya jamii ya Rauvolfia. Sungura wakanyong'onyea, masikio yakalala, hawawezi hata kusogea. Akawadunga levodopa, wakaamka. Kazi hiyo ilikuja kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mmea mmoja huondoa dopamini, mmea mwingine huirudisha. Msesewe, ambao Wachaga hutia gome lake kwenye mbege, ni wa jamii hiyohiyo ya Rauvolfia. (Sisemi mbege inaleta Parkinson, nina wakwe Moshi na nataka kuendelea kukaribishwa.) Nasema tu kwamba mganga anapomchanganyia mgonjwa wa kutetemeka mizizi ya aina saba kwenye chupa moja, mtu fulani lazima ajue ni mizizi ipi.

Turudi kwenye kidonge. Levodopa pamoja na kabidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa mpya. Levodopa imetumika tangu miaka ya 1960. Bohari ya Dawa ina kanda Mbeya. Hata hivyo nawajua watu wanaokata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, na mama mmoja anayeagiza Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilometa 800, kifurushi kikae kwa kondakta. Hospitali moja ninayoifahamu ilikaa muda mrefu bila dawa hiyo, na jibu lililotolewa ni kwamba wagonjwa wake ni wachache mno. Wachache kwa sababu hakuna aliyewatafuta!

Kuna jambo jingine linalowafanya watu wakimbilie upupu kwanza: imani kwamba kidonge ukikianza mapema kitaisha nguvu, kwa hiyo bora uanze na mitishamba ukitunze kidonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao wengi walichelewa kupata levodopa, na wagonjwa wa Italia walioianza mapema. Ile mitikisiko isiyozuilika inayoogopwa kwamba huletwa na kidonge ilifuata zaidi urefu wa ugonjwa wenyewe kuliko urefu wa kutumia dawa. Waliochelewa hawakutunza chochote. Waliteseka tu miaka ya ziada. Habari hii ingefaa itangazwe redioni kwa Kiswahili, baada ya taarifa ya habari, na hata kwa Kinyakyusa na Kihehe.

Sasa nije kwenye tiba ambayo haina kidonge wala mbegu, na ambayo ndiyo nina hakika nayo kuliko zote. Mazoezi. Mwaka 2012 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 195 lilionyesha kwamba waliofanya tai chi, mazoezi ya polepole ya Kichina, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita, walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache kuliko waliofanya kunyoosha viungo tu. Brooklyn, New York, kundi moja la dansi limekuwa likiwafundisha wagonjwa wa Parkinson kucheza tangu 2001. Wengine wamejaribu tango, dansi ya Argentina. Nikisoma haya nacheka peke yangu, maana sisi tunahitaji tango ya nini?

Mgonjwa wa Parkinson hupatwa na hali ya miguu kuganda. Unafika mlangoni au kwenye ngazi ya daladala, miguu inakataa, abiria nyuma wanasonya. Lakini akipewa mdundo, au mistari sakafuni ya kuvuka, mara nyingi miguu hukubali. Wataalamu wanaeleza kwamba mdundo wa nje husaidia pale saa ya ndani ya ubongo inapochelewa, na wamelifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1990. Huku Kusini tuna ing'oma ya Wanyakyusa. Tuna mganda wa kando ya Ziwa Nyasa, ambao huchezwa kwa mistari, hatua zikilingana, ngoma ikiwaamuru. Tuna vikundi vya akina mama ambao wakishika ngoma mzee aliyekaa hawezi kuendelea kukaa. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akikaa na mpiga ngoma mmoja, wakakubaliana kasi isiyomwangusha mtu, na viti vya kushikilia vikiwepo pembeni, hilo ni darasa kamili. Gharama yake ni nauli ya mtaalamu na chai ya mpiga ngoma.

Sauti nayo ni hivyohivyo. Ugonjwa huu huizamisha sauti hadi mwenzi wako akudhanie umenuna. Tiba yake ni kufundishwa kutoa sauti kubwa kwa makusudi, kuvuta pumzi, kushikilia neno. Wataalamu wa tiba ya usemi ni adimu, lakini kila mtaa wa Mbeya na Iringa una kwaya, Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, na wenzetu Waislamu wana kaswida. Mimi ni besi wa miaka mingi. Siku za mazoezi ya kwaya mke wangu ananisikia hadi jikoni. Wiki nisiyoenda anauliza mara mbilimbili. Wala sisemi kwaya ni badala ya mtaalamu wa usemi. Akija, tutamwachia nafasi ya mbele.

Chakula nitakipitia haraka. Levodopa hushindana na protini kwenye utumbo, kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na sahani ya maharage au nyama huweza kuchelewa au kudhoofika. Wengi hushauriwa kumeza kama nusu saa kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma navyo visimezwe pamoja nacho. Haya ni maneno ya dakika mbili ambayo mtu hupaswa kuambiwa siku ya kwanza. Choo kigumu kinahitaji maji, mboga za majani, matunda, na kwa parachichi zilizojaa Njombe na Rungwe hatuna kisingizio. Kuchuliwa kwa mafuta hutuliza maumivu na huleta usingizi. Aendelee kuchuliwa anayependa, ila asiambiwe kunaponya.

Kahawa ya Mbozi na chai yetu ya Rungwe pia zimeanza kuuzwa kama dawa. Ni kweli tafiti za watu wengi zimeonyesha kwamba wanywaji kahawa hupata Parkinson mara chache zaidi. Lakini jaribio la Kanada lililochapishwa 2017 liliwapa kafeini watu 121 ambao tayari wanaumwa, na mwendo wao haukuboreka. Vitamini E ilijaribiwa kwa wagonjwa 800 katika miaka ya 1980 na 1990, haikuzuia ugonjwa. Koenzaimu Q10 ilijaribiwa kwa watu 600, jaribio likasimamishwa kwa kukosa faida. Hizi ndizo chupa zinazouzwa kwa bei ya debe la mahindi kwenye mabanda ya Nanenane, uwanja wa John Mwakangale, kila Agosti, na muuzaji ana kipaza sauti. Mwaka huu nawaomba nanyi muwe na banda na kipaza sauti.

Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwenu nina neno la peke yake. Sheria ya mwaka 2002 iliwapa kazi ya kuwasajili waganga na kuzisimamia tiba zao. Mnawajua waganga wa mikoa hii kuliko mtu yeyote, na mganga ndiye anayemwona mgonjwa wetu kwanza. Mpeni alama za kuzitambua: mkono mmoja kutetemeka ukiwa umetulia, hatua fupi, mwandiko kuwa mdogo, sauti kuzama. Akiziona, aandike barua ya rufaa, na hospitali imjibu kwa barua, kwa adabu, kama inavyomjibu daktari mwenzake. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha shilingi 500, na mlijionea wenyewe jinsi watu walivyo tayari kuacha dawa za hospitali pale wanapohisi kwamba huko ndiko wanakosikilizwa.

Na kwa wasimamizi wa maduka ya dawa: mgonjwa wa Parkinson anayetapika, pengine kwa sababu ya huohuo upupu, akija dukani asipewe metoklopramidi. Dawa hiyo huziba dopamini ubongoni na kumkaza zaidi. Haloperidoli, anayopewa mzee "anayeona watu", hufanya vivyo hivyo. Kabango kadogo ukutani kangetosha, na muuzaji apewe namba ya simu ya mfamasia wa hospitali ya kuuliza.

Kuna na suala la viuatilifu, ambalo lingestahili barua yake. Parakwati, dawa ya kuua magugu, imehusishwa na Parkinson katika tafiti kadhaa, na Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Vijana wetu wanapulizia viazi na mahindi wakiwa na kandambili na fulana. Maafisa ugani na maafisa afya wazungumze.

Sihitaji mniahidi makubwa. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa itenge siku moja ya mwezi kwa watu wa Parkinson, na hospitali za mashirika ya dini kama Ikonda, Ilembula na Tosamaganga zikaribishwe kwenye mpango huo, kwa sababu watu wa vijijini huko ndiko wanakokwenda. Siku hiyo daktari aulize kila mtu, bila kukunja uso, "unatumia na nini kingine?", na jibu liandikwe kwenye faili. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na orodha ya mitishamba ya Nyanda za Juu Kusini ambayo hakuna mtafiti aliyenayo, na hesabu yetu itakuwa imeanza. Levodopa iagizwe kwa hesabu hiyo.

Ukumbi wa usharika wetu hapa Uyole uko wazi Jumatano mchana. Ngoma zipo, viti vipo, wazee wa kanisa wameshakubali, na wapiga ngoma wawili wanasubiri siku. Tunachokosa ni mtaalamu wa fiziotherapia wa kutuambia tucheze kwa kasi gani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya.